Benchi la Mbuzi

Nakumbuka Jumapili moja kanisani kwetu Matulo, nilipochekesha watu wote, kuanzia pasta hadi mtoto aliyefungwa mgongoni, nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa cheo. Nilikuwa kidato cha pili, nimefunga shule likizo ya Aprili. Nataka nikueleze siku hiyo polepole, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyofanya ubaya mkubwa kuliko wote niliowahi kufanya, na hakuna hata mtu mmoja aliyenikemea. Walinipigia makofi.

Najua unalicheka hilo neno mwanangu. Ati mtu wa miaka kumi na saba, ana ndevu tatu na mbili kati yake ni masizi, anakuita mwanangu. Wewe cheka. Ngoja ufike kidato cha nne kwenye hili bweni letu hapa Kitale, watoto wa kidato cha kwanza waanze kukuletea kesi za sabuni iliyoibwa na blanketi lililohama kitanda, uhukumu kabla ya chai. Utaona vile mtu anazeeka kwa muhula mmoja. Kaa hapo kwenye sanduku lako, acha kuchezea hicho kijiko, unisikilize.

Kanisa letu ni la kawaida tu. Kuta za matofali, mabati ambayo mvua ikinyesha pasta anaacha kuhubiri, na mabenchi ishirini. Sasa lile benchi la mwisho, la karibu na mlango, lina kazi yake. Mtu akifanya kosa la kuonekana na kila mtu, wazee wa kanisa humweka nyuma. Ndivyo tunavyosema, fulani amewekwa nyuma. Haimbi kwaya, hashiriki meza ya Bwana, haombi kwa sauti, mpaka siku atakaposimama mbele ya wote aseme nimekosa na nimetubu. Wakati huo waliowekwa nyuma walikuwa wawili. Mmoja ni Mzee Masinde, aliyekutwa kwenye pombe ya busaa mchana wa Jumapili, mrija mdomoni na Biblia kwapani. Wa pili alikuwa Nelima.

Nelima alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na kupata nafasi ya kusomea ualimu huku Kitale. Ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya yetu ya vijana. Akipanda juu, hata wale wazee wanaosinzia walishtuka wakidhani wameitwa. Kisha akapata mimba. Kijana aliyempa alienda Nairobi kutafuta kazi, na jina lake likasomwa kanisani ili tumwombee safari njema. Sikudanganyi. Yeye tulimwombea, Nelima tukamweka nyuma.

Siku hiyo ninayokuambia nilipewa matangazo nisome. Tulikuwa na wageni kutoka Bungoma mjini, mabenchi yamejaa, wengine wamesimama ukutani. Nikasoma mambo ya mkutano, nikasoma mambo ya mazishi, nikamaliza. Lakini maiki, mwanangu, inalevya kuliko busaa ya Masinde. Unaona watu wote wamekukodolea macho wakingoja utakachosema, na huna cha kusema, basi unasema chochote. Nikasema, "Wageni wetu msisimame, bado kuna nafasi pale kwa Benchi la Mbuzi. Mbuzi, sogeeni kidogo."

Kila mtu mle ndani anaijua ile habari ya siku ya mwisho, kondoo wanawekwa upande huu na mbuzi upande ule. Kanisa likavunjika mbavu. Pasta alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakitikisika. Mzee Yona, mkuu wa wazee wa kanisa, mtu aliyestaafu ukarani wa serikali na ambaye meno yake nilikuwa sijawahi kuyaona, siku hiyo niliyaona yote, na pengo.

Nelima alisogea. Aliinuka nusu, na lile tumbo la miezi mitano, akajibana ukutani ili mgeni apate pa kukaa. Hilo niliambiwa baadaye. Mimi sikuliona, kwa sababu nilikuwa naangalia waliokuwa wakicheka.

Kufikia Jumatano jina lilikuwa limefika kwenye kisiagi, watu wakilisema huku wakingoja unga wao. Kufikia Ijumaa watoto wa shule ya msingi walikuwa wakimwona Nelima njiani wanalia mee, mee, wanakimbia. Mimi nikapanda gari, nikarudi shuleni Kitale, na hapa bwenini nikawasimulia wenzangu, nao wakacheka. Nilikula hicho kichekesho muhula mzima.

Likizo ya Agosti nikarudi. Jumapili ya kwanza, natupa macho nyuma, namwona Masinde peke yake, benchi zima lake, amenyoosha miguu kama mtu aliyekodi. Nikauliza Nelima yuko wapi. Wafula, rafiki yangu anayepiga ngoma za kwaya, akaniambia alijifungua mtoto wa kiume siku nane zilizopita, na kwamba hajakanyaga kanisani tangu mwezi wa nne.

Mchana huo nilimkuta Kukhu, ndiye nyanya yangu mzaa baba, ameketi uani akipiga maharagwe yaliyokauka kwa fimbo. Nikataka kumchekesha kidogo. Nikamwigizia Mzee Yona anavyosimama kwenye mimbari akivuta suruali juu kabla ya kuomba. Kwa kawaida hilo humwangusha Kukhu. Siku hiyo hakunitazama hata. Akaniuliza kama nimeenda kumwona Nelima. Nikamwambia ile haikuwa kazi yangu, mimi si mama wa kanisa, na hata hivyo aliyemweka nyuma ni Mzee Yona na wenzake.

Fimbo ikasimama. "Yona alimweka nyuma," akasema. "Nyuma bado ni ndani ya kanisa, Simiyu. Wewe ndiye ulimtoa nje."

Nikamwambia, "Ulikuwa mchezo tu, Kukhu. Watu wote walicheka."

"Halafu? Kuna mmoja hakucheka. Ulimwangalia?"

 Na kwa vile mimi ni mtu nisiyeweza kunyamaza nikishindwa, nikamuuliza na yeye je, ameenda kumwona huyo mtoto?  Kisha akaanza kupiga yale maharagwe tena, kwa nguvu, maganda yakiruka mpaka barabarani. Nikajua nimemgusa mahali, ila sikujua ni wapi.

Hapa lazima nikueleze jambo moja, kwa sababu wewe umetoka mjini na huenda kwenu watoto huonwa kwa simu. Kwetu, mwanamke akijifungua, akina mama wa kanisa huenda kuona mtoto. Hawaendi mmoja mmoja. Wanajipanga, wanakuja kwa njia wakiimba, mmoja na unga wa wimbi wa uji, mwingine na kuku, mwingine na kuni kichwani. Wanamwogesha mtoto, wanafua nguo, wanajaza maji mitungi yote, wanaomba, wanakunywa chai, wanamsema kila mtu asiyekuwepo, wanaenda zao. Mtoto akishaonwa hivyo, anakuwa wa watu. Asipoonwa, hakuna anayesema neno lolote baya. Anakuwa tu wa mama yake.

Jumatatu nikaenda kwa akina Nelima kuomba msamaha. Nilikwenda mikono mitupu, na maneno mazuri niliyoyapanga njiani, moja hata lilikuwa la kuchekesha. Nilipofika langoni nilimwona mama yake kupitia dirishani. Alisikia hatua, akainuka haraka, akaenda mezani akafunua kitambaa cheupe kilichoshonwa maua. Chini yake kulikuwa na vikombe vya wageni, vimepangwa, vinang'aa. Akachungulia nje. Akaona ni mimi tu. Akavifunika tena.

Mwanangu, nimewahi kuchapwa, nimewahi kufukuzwa shule wiki mbili kwa kumpa mwalimu wa zamu jina la mdudu, lakini kile kitambaa kikirudi juu ya vile vikombe kiliniumiza kuliko hayo yote.

Nelima alikuwa ameketi juani nyuma ya nyumba na mtoto mapajani. Nikamsalimu, niaje. Akanitazama bila haraka.

"Umekuja kuhesabu mbuzi?" akasema. "Andika. Tumeongezeka mmoja."

Yale maneno yangu mazuri yote yakakimbia. Nikasema pole, nikasema tena pole, nikaanza la tatu. Akanikatiza. Aliniambia pole yangu niiweke, haimsaidii yeye wala mtu yeyote. Akanieleza kwamba mama yake ameenda kuona kila mtoto aliyezaliwa katika kanisa lile tangu yeye Nelima hajazaliwa, amebeba kuni na mgongo mbovu, amefua nguo za watu. Sasa kila asubuhi anaosha vile vikombe kumi na viwili, anachemsha chai ya maziwa, anaketi kungoja. Jioni anaimwaga chai kwenye ndoo ya ng'ombe. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa ametuma ujumbe kwamba Mzee Yona amesema wasiende, mpaka Nelima asimame mbele atubu.

"Mimi nimezoea," Nelima akasema. "Lakini yeye bado anachemsha chai. Jumatatu ijayo nampeleka mtoto Endebess kwa shangazi, na mimi nakaa huko huko. Mambo ya chuo nimeachana nayo. Wacha huyu akulie mahali hakuna mtu amemwita mbuzi."

Niliondoka bila kuaga vizuri. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Yona, kwa sababu nilidhani, na ucheke hapa kama unataka, kwamba hakuna mtu amewahi kumweleza habari ya vile vikombe. Nilidhani akisikia tu atainuka.

Nilimkuta kwenye duka lake la mbegu na dawa za mifugo. Akanisikiliza mpaka mwisho, sitamnyima hilo. Yona si mtu mbaya. Hiyo ndiyo shida ya watu kama Yona, ungekuta ni wabaya ingekuwa rahisi. Aliniambia kanisa lina utaratibu. Aliniambia wakienda na kuku na nyimbo kwa msichana aliyezaa nje ya ndoa, wasichana wengine watajifunza nini? Nikamjibu kwamba watajifunza kwamba huwa tunatembelea watoto. Akatabasamu, meno yale yale.

"Lakini wewe umetusaidia, Simiyu," akasema. "Lile jina uliloweka. Zamani hawakuwa wanaogopa hiyo benchi. Siku hizi wanaiogopa."

Akanishika bega, akanipa soda.

Sikuinywa. Nilisimama barabarani na ile chupa ikipata joto mkononi, nikaelewa kitu ambacho nataka ukishike wewe mapema kuliko nilivyokishika mimi. Nilikuwa nikijiona mkaidi wa kijiji. Mchekeshaji. Mtu asiyeogopa wazee. Kumbe mimi ndiye nilikuwa fimbo yao, na malipo yangu yote ndiyo ile soda.

Hasira iliyonishika hapo, mwanangu, sijawahi kuitubu.

Wiki hiyo nilizunguka kwa kila mwanakwaya. Mpango ulikuwa rahisi. Jumapili kwaya ikiitwa kuimba, hatuimbi pale mbele, tunatoka na nyimbo zetu tunaenda kuziimba kwa akina Nelima, tunaona mtoto. Wanakwaya kumi na wanne wakakubali. Wafula akaapa kwa ngoma zake. Vifaa vya kuona mtoto tulivikusanya kama wavulana wanavyokusanya vitu: nusu kreti ya soda, ndizi mbivu, na kuni ambazo Wafula alizikata siku hiyo hiyo, mbichi, bado zinatoa utomvu. Tukaficha yote nyuma ya kanisa.

Jumapili ikafika. Kwaya ikaitwa. Nikachukua maiki, na safari hii sikulewa. Nikasema, "Leo tunaimba kwa Mama Nelima. Ana mjukuu wa siku kumi na tano na hatujaenda kumwona. Anayetaka kuja, aje."

Hakuna aliyecheka. Unajua kanisa likinyamaza unasikia mpaka mabati yanavyopanuka na jua? Yalikuwa yanalia tak, tak.

Mzee Yona akasimama pale pale kwenye kiti chake. Hakupaza sauti. "Simiyu, ukitoka kwa huo mlango, ukirudi unakaa nyuma."

"Sawa, Mzee," nikamjibu. "Ni mimi niliipa hiyo benchi jina. Wacha nikaijue."

Nikaweka maiki chini, nikatembea. Nilipofika mlangoni nikageuka kuona jeshi langu. Kati ya wale kumi na wanne walioapa, walinifuata watano, Wafula na ngoma yake na wengine wanne, wote wavulana. Wasichana walikuwa wameshikwa kwenye viti na macho ya mama zao, nami siwalaumu, macho ya mama yana kamba. Watano, mwanangu. Mmoja wao nadhani alifuata ndizi.

Hapo ndipo nikasikia benchi linalia katikati ya kanisa. Kukhu alikuwa anainuka. Magoti yake huchukua muda, na kanisa zima liliungoja huo muda. Akainama, akavuta kiondo kutoka chini ya benchi. Kilikuwa kimejaa: unga wa wimbi, sukari, leso mpya. Alikuwa amekuja nacho tayari asubuhi ile, bila kumwambia mtu.

"Watoto hawa wanaenda kuona mtoto na soda," akasema, si kwa mtu yeyote. "Nani amewaambia aliyezaa anakunywa soda?" Kisha akawageukia akina mama wenzake, wale aliovaa nao kitambaa kimoja cha kichwa miaka yote, na sauti ikashuka. "Nilikuwa nangoja twende pamoja. Nimechoka kungoja."

Akapita mbele ya Yona, akapita mbele ya Masinde, akatoka.

Sasa tuone hiyo safari. Mbele Kukhu na kiondo, nyuma wavulana sita na kuni mbichi zinazowachafua mashati ya Jumapili, watu wa barabarani wamesimama kutazama. Kukhu akasema hatuendi kimya kama wezi, huwa wanafika wakiimba. Tukaimba. Lakini kwaya isiyo na wasichana ni kitu cha huzuni. Tulikuwa na besi nyingi, tena besi za watu waliovunja sauti juzi. Kukhu alijaribu kushika juu, pumzi ikamwishia kwenye mwinuko. Tukaufikia ule mstari wa kiitikio ambapo sauti ya kwanza inapaswa kupanda peke yake, na hatukuwa na mtu wa kuupanda. Tukapunguza, tukijua utabaki shimo.

Haukubaki. Kutoka ndani ya ile nyumba, nyuma ya mlango uliofungwa, sauti ikapanda. Ilikuwa na kutu kidogo, haikuwa imetumika tangu Aprili, lakini ilipanda mpaka pale inapopaswa kufika, ikakaa. Wafula aliacha kupiga ngoma. Mimi nilijifanya nimeingiwa na utomvu machoni.

Mlango ukafunguliwa. Mama Nelima alisimama pale na kitambaa cheupe mkononi, amekikunja, nyuma yake vikombe vimebaki wazi. Hakusema karibu. Alimtazama Kukhu, Kukhu akamtazama, wazee wawili, wakashikana mikono wakatikisana muda mrefu kama watu wanaojaribu nguvu. Kisha akatutazama sisi. Wanaume kwetu hawaingii kuona mtoto wa wiki mbili. Nikaona anafikiri. Akasogea kando tukapita.

Alimimina chai. Sisi tulikuwa saba. Yeye alimimina vikombe vyote kumi na viwili.

Wafula akamwambia Mama Nelima, tuko saba tu. "Najua kuhesabu," akasema. "Wengine wako njiani."

Hakukuwa na mtu njiani. Alijua, na sisi tulijua. Kukhu alitutoa nje kufua nguo za mtoto na kujaza mitungi, na mambo niliyoyaona kwenye zile nguo siwezi kukusimulia kabla ya chakula. Tuliporudi, vile vikombe vitano vilikuwa bado mezani, vimeshika utando juu. Nikaona Mama Nelima ameanza kuvitazama kama anavyoitazama ile ndoo ya ng'ombe. Basi nikavuta kimoja nikanywa. Nikavuta cha pili. Nilivimaliza vyote vitano peke yangu, na tumbo likilia kama ngoma ya Wafula. Nelima alikuwa ananitazama kutoka kwenye kona. Nilipofika cha mwisho akacheka. Hicho ndicho kichekesho pekee nilichowahi kufanya ambacho ninajivunia, na sikusema neno.

Jumatatu gari la Endebess lilikuja, likaenda. Nelima hakulipanda.

Jumapili iliyofuata nilikaa nyuma kama nilivyoahidiwa, mimi, Wafula na wale wengine wanne. Masinde alitupisha kwa heshima, akatuonyesha mahali mbao inapobana. Ibada ilipoanza Nelima akaingia na mtoto, akakuta hakuna nafasi. Tukasogea. Mama yake akatoka kule mbele kwenye viti vya akina mama, na kitambaa chake cha kichwa, akaja na kigoda chake mwenyewe akaketi kando yetu. Kukhu akafuata wiki ya tatu, akisema kule mbele kuna baridi, uongo mtupu. Wiki ya tano walikuwa wamekuja wengine wawili wa akina mama, na mwekaji viti akalazimika kuongeza benchi nyuma ya benchi.

Usidhani hapo mambo yaliisha vizuri kama kwenye vitabu vya hadithi. Mwezi wa kumi na mbili wazee wakaniita nisimame mbele nitubu, ili nirudishwe. Nikasimama. Nikamwita Nelima kwa jina, mbele ya wote, kwa maiki ile ile, nikasema mimi ndiye niliyeita watu wa Mungu mbuzi, nilifanya hivyo ili watu wacheke, na ninaomba anisamehe. Alikubali kwa kichwa. Mzee Yona akasema vyema, na sasa tubu kosa la kutoka katikati ya ibada. Nikamwambia hilo siwezi, Mzee. Nikilitubu hilo nitakuwa nimemdanganya Mungu, tena kwa maiki. Basi akaandika kitu kwenye daftari lake, nikarudi nyuma. Niko nyuma mpaka leo. Nikifunga shule Agosti hii nitaenda kukaa pale pale. Nelima yuko chuo hapa Kitale, mwaka wa pili. Mtoto anaitwa Wekesa, maana alikuja wakati wa mavuno. Anakaa na bibi yake, na kila Jumapili anatoroka kwenye Benchi la Mbuzi, anakimbia mpaka mimbarini, na hakuna mtu amejua sheria ya kumweka wapi.

Sasa sikia, mwanangu, hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka. Jana nilikusikia ukimwita yule mwenzako anayekojoa kitandani kwa lile jina. Bweni zima lilicheka, hata mimi kidogo, na uliwaangalia waliocheka. Mwangalie yeye leo. Kesho ubebe godoro lake, wewe mwenyewe, ukalianike naye juani, mchana, wakubwa wakiona. Watakucheka. Waache wacheke. Usije ukaniambia unampenda jirani yako kwa sababu uliimba hivyo katika ibada ya Jumapili. Jirani yako ni yule uliyeambiwa usiende kwake. Ukiambiwa usiende, uliza nani amesema, kisha uende hivyo hivyo, hata na soda, hata na kuni mbichi. Wakubwa wakikuambia ni utaratibu, waheshimu, wasalimie, usiwatukane, na usiwatii kwa hilo. Na wakikuadhibu usiliache kanisa. Kukimbia ni rahisi. Wewe kaa pale pale walipokuweka, upajaze watu.

Basi nenda, kengele imelia. Mungu akupe mdomo wa kuchekesha na macho ya kumwona asiyecheka. Akupe chai ya kungoja wageni na wageni wa kuinywa. Na siku utakapowekwa nyuma, maana ukifanya nilivyokuambia utawekwa tu, akujalie mtu pale benchini wa kusogea.